Paka wa maini haruki tena ukutani: kosa ni ubichi au ni ini lenyewe?

*"Asalaam aleikum daktari. Nina paka wawili hapa nyumbani Makorora, Tanga, mama mtu wa miaka minne na mwanawe dume wa miezi mitano. Tangu mama mtu yu mdogo nampa maini mabichi ya ng'ombe. Mtu wa bucha ananiwekea robo kilo kila siku, maini na mapupu kidogo, wanagawana asubuhi na jioni. Kitu kingine hawataki, hata samaki wanaramba tu. Jirani aniambia nyama mbichi inamtia paka ukali, ndiyo maana huyu mdogo keshachukua vifaranga viwili vya watu. Shemeji yangu asema maini yana minyoo. Mwanangu wa kiume kasoma kwenye simu kwamba paka asili yake ni mwituni, chakula chake ni kibichi, ukimpikia unamuua. Na sasa binti yangu ana mimba ya miezi mitano, anakuja kujifungulia kwangu, na mawifi zake wamemtia hofu ya paka. Niendelee na mabichi au niyapike? Jingine dogo tu: mama mtu siku hizi haruki tena ukutani na manyoya ya mgongoni yamesokotana. Nadhani ni uvivu wa kunenepa."*

Waaleikum salaam, mama yangu. Umeniuliza mabichi au ya kupikwa, na hilo nitalijibu. Lakini naanza na hilo uliloliita dogo, maana kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Paka wa miaka minne si mzee. Akiwa amekula maini kila siku tangu utoto, kisha akaacha kuruka, akaacha kujilamba mgongoni mpaka manyoya yakasokotana, mimi simwiti mvivu mpaka nihakikishe shingo yake inageuka. Leo jioni jaribu hivi: akiwa amekaa ametulia, pitisha kipande cha chakula kutoka mbele ya pua yake polepole mpaka usawa wa bega. Paka mzima atageuza kichwa tu. Akigeuka mwili mzima, au akikataa kabisa kufuata, au akilia ukimshika mabegani, usingoje.

Ninachokihofia ni vitamini A iliyozidi. Wengi tunajua vitamini kama kitu kizuri, na tunadhani kizuri hakizidi. Vitamini C ikizidi, mwili huitoa kwenye mkojo. Vitamini A haitoki hivyo: inayeyuka kwenye mafuta, inawekwa akiba kwenye ini, na akiba hiyo inazidi kulundikana siku baada ya siku. Ndiyo sababu ini la ng'ombe lina vitamini hiyo nyingi namna ile, kwani hapo ndipo ng'ombe alipoweka akiba yake ya maisha. Gramu 100 za ini bichi la ng'ombe zina takriban miligramu 5 za vitamini A. Paka wa kilo 4 anahitaji chini ya sehemu moja ya kumi ya miligramu moja kwa siku. Fanya hesabu mwenyewe: kipande anachokimaliza asubuhi na jioni kwa siku moja kingemtosha kwa zaidi ya mwezi mmoja na nusu. Na kesho analetewa kingine.

Ikizidi kwa miezi na miaka, mifupa ndiyo inayochokozwa. Mfupa mpya unaota pasipotakiwa, hasa kwenye pingili za shingo na za mgongo upande wa mbele, na mara nyingine kwenye viwiko. Pingili zinashikana moja na nyingine mpaka shingo inakuwa ngumu kama mpini wa jembe. Paka hawezi tena kuinama vizuri wala kugeuka kujilamba, ndipo manyoya yanaposokotana. Kuruka kunamuuma anapotua kwa miguu ya mbele. Wengine huanza kuchechemea mguu mmoja wa mbele, na wenyewe wakadhani ameangushwa au amepigwa jiwe. Ugonjwa huu si wa jana. Wataalamu wa mifugo wa Australia waliueleza vizuri miaka ya 1960, na paka wao walikuwa wakilishwa maini kama wako.

Sasa ona kwa nini swali lako la mabichi au ya kupikwa haligusi tatizo hili. Moto unaua minyoo na bakteria, lakini vitamini A ya kwenye ini haiondoki kwa kuchemshwa. Ungekuwa umempikia tangu siku ya kwanza, akala kiasi kile kile, angefika hapa hapa alipo.

Naweza kuwa nimekosea ugonjwa, nami simwoni paka wako. Jino lililooza linamfanya paka aache kujilamba, figo mbovu vivyo hivyo, na jeraha la zamani la mgongo linamzuia kuruka. Hata unene ulioutaja ni sababu ya kweli. Anayeweza kutenganisha haya ni daktari atakayempapasa shingo na kufungua kinywa, na penye mashine, picha ya eksirei ya shingo inaonyesha wazi kama mfupa umeota. Ukienda, usianze na manyoya. Neno lako la kwanza liwe "anakula maini kila siku kwa miaka minne." Madaktari wetu wengi siku nzima wako kwa ng'ombe wa maziwa na mbuzi, na habari hiyo moja inaweza kuwapunguzia kazi ya kubahatisha.

Kama ndivyo ilivyo, ujue mapema: mfupa ulioota hautayeyuka. Lakini ukiondoa ini, ugonjwa unasimama, maumivu hupungua kwa wiki na miezi, na paka wengi huishi vizuri hata wakibaki na shingo nzito kidogo. Dawa ya maumivu atoe daktari. Usimpe Panadol wala paracetamol ya jina lolote, hata robo ya kidonge. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama letu. Damu yake inaacha kubeba hewa, ufizi unageuka rangi ya udongo, na anaweza kufa. Diclofenac za dukani nazo ziache. Nalisema kwa ukali kwa sababu najua paka akilia usiku mkono unakwenda wapi.

Huyu mdogo ana hatari yake nyingine, na hiyo haina subira. Yuko kwenye kujenga mifupa, na chakula unachompa kimejaa fosforasi bila kalsiamu. Kwenye ini la ng'ombe fosforasi inazidi kalsiamu kwa makumi ya mara, wakati paka anayekua anahitaji kalsiamu ilingane na fosforasi au iizidi kidogo. Mwili wake ukikosa kalsiamu chakulani unaichota palipo na akiba, yaani kwenye mifupa yake mwenyewe. Nyama inaonekana, tumbo linajaa, paka anacheza, na chini kwa chini mifupa inakuwa laini mpaka siku moja anaruka kutoka kwenye kiti na mguu unavunjika. Wengine nyonga inajikunja, wakawa wanashindwa kupata choo maisha yao yote. Hili nalo halina ubichi wala upishi, na halihusu ini peke yake. Ungempa steki safi isiyo na mfupa kila siku, lingekuwa lile lile.

Tuje kwa mwanao na simu yake. Kuna kweli ndani yake. Paka ni mla nyama hasa, si kama mbwa anayejikimu na makombo ya ugali. Hawezi kutengeneza vitamini A kutoka kwenye karoti au mchicha, ni lazima aipate kwa mnyama mwingine, kwa hiyo ini kidogo ni chakula chake halali. Na anahitaji kitu kiitwacho taurini, ambacho kwenye mimea hakipo. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka wanaokosa taurini moyo wao hutanuka na kuchoka, na wakiongezewa wengi hupona. Taurini imejaa kwenye moyo, na sehemu yake huhamia kwenye maji unapochemsha nyama.

Ile hadithi ya kwamba ukimpikia unamuua asili yake ni majaribio ya daktari mmoja wa California, Francis Pottenger, miaka ya 1930 na mwanzoni mwa 1940. Paka wake waliokula nyama iliyopikwa walidhoofika kizazi hadi kizazi. Lakini wakati huo hakuna aliyejua paka anahitaji taurini, na leo ndiko wengi tunakotazama tukitafuta sababu. Dawa yake haikuwa kuacha kupika. Dawa ni kupika kwa maji kidogo, usiyamwage, umpe paka na mchuzi wake.

Tena mwanao amesahau jambo moja kuhusu huko mwituni. Paka wa porini hali ini peke yake, anakula panya mzima: nyama, damu, mifupa, ngozi, na ini la panya ni takriban sehemu moja ya ishirini ya mwili wake. Hicho ndicho kiasi cha asili. Robo kilo ya maini kila siku haipo porini popote.

Ukali ni maneno tu. Mdogo wako anawinda vifaranga kwa sababu ni paka na ana miezi mitano. Mshibishe kwa biriani atawinda vile vile. Fungia vifaranga, au mfungie yeye asubuhi.

Shemeji yako kuhusu minyoo amepata nusu. Wale minyoo bapa wanaoonekana kwenye mirija ya ini la ng'ombe wanatia kinyaa, lakini paka akiwala hawamwoti tumboni. Minyoo hao huambukizwa kwa vichanga vyao vinavyojibandika kwenye majani ya majini, huko ng'ombe anakochunga. Vile vimbe vyenye maji kwenye ini na mapafu ni habari nyingine, nao hatari yao kubwa inapitia kwa mbwa. Mbwa akila kimbe, tegu mdogo anakua tumboni mwake, mayai yanatoka kwenye kinyesi, na mtu akiyameza kimbe kinaota kwenye ini la mtu. Ndiyo maana kila Idi Kubwa natamani kusimama uani kwa watu na kupiga kelele. Tunachinja nyumbani, mkaguzi hayupo, mapafu yenye vimbe tunayatupa nyuma ya ukuta na mbwa koko wanafanya karamu. Chimba shimo refu uzike, au choma moto yawe majivu. Na pafu lenye vinundu vigumu vyenye kitu kama jibini ndani usimpe paka hata kama umelipika, na usilishikeshike: hiyo yaweza kuwa kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho paka wanakipata kwa kula. Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 2010, paka waliokuwa hawatoki hata nje ya nyumba waliugua kifua kikuu hicho, na uchunguzi ukaelekea kwenye chakula kibichi cha kununua.

Tegu ambaye paka wa Tanga anampata kwa urahisi zaidi hatoki buchani. Mmoja anatoka kwenye ini la panya anayewindwa na paka, mwingine kwenye kiroboto anayemmeza akijilamba. Kwa hiyo dawa ya minyoo utahitaji tu, upike usipike. Inapimwa kwa uzito, na ile ya mbuzi usiikadirie kwa macho.

Sasa jibu la swali lako lenyewe. Pika. Sisemi hivyo kwa sababu kibichi ni sumu. Matumbo ya paka yanavumilia mengi, na wapo wanaolisha nyama mbichi kwa uangalifu na paka wao wanang'ara. Lakini walio waangalifu hivyo wana friza isiyozimika na nyama iliyopimwa, na wewe una nyama iliyoning'inia buchani tangu alfajiri katika joto letu hili, nzi wanaisalimia, na kisahani sakafuni ambapo mjukuu atatambaa. Salmonela na wenzake huenda wasimdhuru paka hata kidogo. Anaibeba tu na kuitoa chooni, akawaachia nyinyi. Maini na firigisi za kuku ndizo naziogopa zaidi kwa hilo. Kugandisha kunaua vijidudu kadhaa vya kwenye nyama, ila bakteria wanalala tu, wakipata joto wanaamka. Umeme ukikatika nusu siku, mahesabu yote yanaharibika. Kupika vipande vidogo kwa dakika chache mpaka pasibaki wekundu kati hakukugharimu kitu, na ukitunza mchuzi, unachopoteza ni kidogo mno.

Sababu ya pili ya kupika ni binti yako. Hofu ya mawifi ina msingi, ila wamemnyooshea kidole asiye mkosaji mkuu. Kijidudu chenyewe ni toksoplasma. Mama mjamzito akikipata kwa mara ya kwanza wakati wa mimba kinaweza kumfikia mtoto tumboni. Paka hukipata kwa kula panya au nyama mbichi, kisha hutoa mayai yake kwenye kinyesi kwa wiki moja hadi tatu hivi, kwa kawaida mara hiyo moja tu maishani. Mama mtu wako mwenye miaka minne ya kula vibichi pengine alishapita huko zamani. Wa kutazamwa ni huyu mdogo, ndiye anayeanza kuwinda sasa. Na mayai hayo yakitoka hayaambukizi papo hapo, yanahitaji siku moja mpaka tano kukomaa. Kwa hiyo kinyesi kikizolewa kila siku, na mtu mwingine asiye binti, umekata njia hiyo. Kumshika paka, kulala naye chumba kimoja, manyoya yake kwenye kanga, si huko maambukizi yanakopitia. Binti aogope zaidi mishikaki isiyoiva kati, mchicha usiooshwa vizuri, na kulima bustani bila glavu. Asikatekate nyama mbichi ya paka, na akienda kliniki amwambie mkunga kwamba nyumbani kuna paka. Kuwafukuza sioni sababu.

Kubadilisha chakula ndiko kutakakokutoa jasho. Paka aliyezoeshwa ini ni mlevi wa ini, na hawezi kushindishwa njaa mpaka akubali kama tunavyofanya kwa mtoto mdeko. Paka, na hasa mnene, akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta yake yanalivamia ini na anaweza kufa kwa hilo tu. Basi mshike pole pole kwa wiki mbili. Siku tatu za kwanza changanya ini lililopikwa na moyo wa ng'ombe uliopikwa, nusu kwa nusu, ukiwa umekatwa mdogo mdogo. Kisha robo ini. Kisha ini ubakize la kunukisha: saga kipande kidogo kwenye mchuzi umwagie juu. Mpe likiwa vuguvugu, paka anakula kwa pua. Akisusa zaidi ya siku nzima, rudi hatua moja nyuma.

Mkifika mwisho, nusu kilo ya kupika iwe karibu yote moyo na nyama ya kawaida, pamoja na firigisi ukipenda, na ini lisizidi gramu 25, yaani kipande cha dole gumba kubwa. Lakini mama mtu, kama shingo imeonekana ngumu, asionje ini kabisa mpaka daktari aseme. Mapupu si mabaya, yanajaza tumbo bila kujenga mwili, yawe ya mara moja moja. Ongeza nusu kijiko cha chai cha maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakaanikwa, yakasagwa kama unga; hiyo ndiyo kalsiamu yako. Kiganja cha dagaa wazima ni nyongeza nzuri sana, ila dagaa wa chumvi waloweke umwage maji, kisha uwapike, kwani baadhi ya samaki wakiwa wabichi huharibu vitamini B1 mwilini mwa paka. Kitunguu maji, kitunguu saumu na chumvi visikaribie sufuria yao, kwa maana vitunguu vinapasua chembe za damu ya paka. Kilichobaki kwenye sahani baada ya nusu saa kitupwe.

Hata hivyo chakula hiki cha nyumbani bado si kamili kwa hesabu ya lishe, na wa kuumia kwanza ni mdogo. Ukiweza, mpaka atimize mwaka, nusu ya mlo wake iwe chakula cha dukani kilichoandikwa ni kamili kwa paka wanaokua. Cha mbwa usinunue hata kikiwa rahisi, hakina taurini ya kumtosha.

Mama mtu mpeleke wiki hii, kwa daktari wa mifugo wa halmashauri au kliniki binafsi. Kama hujui pa kuanzia, ofisa mifugo wa kata yako atakuelekeza. Mdogo naye mbebe siku hiyo hiyo akapimwe uzito kwa dawa ya minyoo, na apapaswe miguu. Usingoje siku hiyo akichechemea, akijikamua bila kupata choo, akihara damu, au akikaa kujikojoza na mkojo hautoki. Hilo la mwisho kwa dume ni la saa, halingoji kesho. Ukishaambiwa uzito wao wote wawili na hali ya shingo ya mama mtu, niandikie tena nikupimie kiasi cha kila mmoja kwa siku.